Hesabu Lazima Itimie

Jioni, kabla milango ya mabweni haijafungwa, wafungwa huchuchumaa kwa safu uani na askari hupita akiwahesabu. Watano, kumi, kumi na tano. Mwenzake anaandika. Walioko uani hujumlishwa na waliolazwa zahanati, walioko jikoni, waliopelekwa mahakamani na waliobaki shambani, kisha jumla hiyo hulinganishwa na ile ya asubuhi. Akipungua mmoja, hakuna anayelala: si mfungwa, si askari, wala mkuu wa gereza ambaye huenda alikuwa ameshavua buti. Huhesabiwa upya, mara ya pili na ya tatu, hadi apatikane yule aliyesinzia chooni au igundulike kwamba karani alimwandika mtu mmoja mara mbili.

Kijana anayeomba kazi ya uaskari magereza mara nyingi hajui kwamba sehemu kubwa ya maisha yake itakuwa hiyo: kuhesabu watu, kufungua na kufunga, kupekua, kuandika kwenye kitabu, na kuzungumza. Hasa kuzungumza. Anachokijua ni sare, gwaride na bunduki, kwa sababu ndivyo anavyomwona askari huyo akiwa nje: amekaa nyuma ya karandinga linaloingia Mahakama ya Kisutu, au anatembea nyuma ya kundi la watu waliovaa rangi ya chungwa wakifyeka majani kando ya barabara. Yanayofanyika ndani ya ukuta hayamfikii, na kazi yenyewe iko huko.

Tanzania Bara kazi hiyo ina jeshi lake. Enzi za ukoloni magereza yalikuwa mikononi mwa polisi hadi mwaka 1931, Waingereza walipoyatenga na kuyapa idara yake. Leo Jeshi la Magereza liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, linaongozwa na Kamishna Jenerali, na msingi wake ni Sheria ya Magereza ya mwaka 1967. Zanzibar wana chombo chao, Chuo cha Mafunzo, ambacho ni moja ya idara maalumu za Serikali ya Mapinduzi. Kijana wa Chake Chake anayetaka kazi hii nyumbani kwao hupeleka maombi huko.

Nafasi hutangazwa kwa wananchi wote, na siku hizi maombi hutumwa kwa mtandao. Masharti hubadilika kidogo mwaka hadi mwaka, ila yale makubwa wanayajua hata vijana wa stesheneri wanaowasaidia wenzao kujaza fomu: uwe raia wa Tanzania, uwe na cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA, umri uanzie miaka 18 na usivuke ukomo ambao hutegemea kiwango cha elimu, uwe umefaulu kidato cha nne au zaidi, uwe na afya njema, usiwe na michoro mwilini, usiwe umeoa wala kuolewa, na usiwe na rekodi ya jinai. Waombaji huwa wengi kuliko nafasi kwa mbali sana, na hapo ndipo matapeli wanapopata riziki. Anapiga simu mtu anayejiita afande fulani wa makao makuu, anataka “pesa ya faili”. Ajira hii hailipiwi hata senti. Gharama ya mwombaji ni nauli na malazi ya kwenda kwenye usaili, basi.

Kuna kundi ambalo husahaulika katika mazungumzo haya. Gereza lina wagonjwa, lina mabomba yanayovuja, lina ng’ombe, lina matrekta, lina kesi. Kwa hiyo jeshi huajiri pia wauguzi, madaktari, mafundi bomba, maseremala, madereva, wataalamu wa kilimo na wanasheria. Wote hupita depo, yaani mafunzo ya awali, kama wenzao. Daktari naye atapiga kwata.

Depo yenyewe, kwa walio wengi, ni Chuo cha Magereza Kiwira, wilayani Rungwe mkoani Mbeya. Ni nchi ya migomba, chai na mvua, na kwa kijana aliyetoka Lindi au Dar es Salaam, baridi ya alfajiri ndiyo somo la kwanza. Siku huanza kwa mchakamchaka na nyimbo. Kisha usafi, kwata, darasa, fatiki, na kwata tena. Kuruta hufundishwa upya mambo aliyodhani anayajua tangu utotoni: kutembea, kugeuka, kusimama, kuitika. Wanachokitafuta wakufunzi ni kwamba amri ikitoka, mwili utangulie na ubishi ubaki nyuma. Kwenye ghasia za bwenini, askari mmoja anayesita anaweza kumponza mwenzake aliyekwisha kuingia ndani.

Darasani mambo huwa mengine. Huko kuna sheria na kanuni za magereza, haki za binadamu, huduma ya kwanza, namna ya kupekua, namna ya kuandika taarifa, matumizi ya silaha. Juu ya sheria za nchi kuna zile kanuni 122 ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha upya Desemba 2015 na kuzipa jina la Nelson Mandela. Zisomwe na kuruta, si na wanasheria peke yao, maana nyingi zinamtaja yeye. Kanuni ya 81 inataka wafungwa wanawake wasimamiwe na askari wanawake, na mwanamume asiingie upande wao bila kuongozana na askari wa kike. Ya 82 inataka anayeshughulika na wafungwa ana kwa ana asibebe silaha ila katika hali maalumu. Ya 40 inakataza mfungwa kupewa madaraka ya kumwadhibu mwenzake.

Anayehitimu hula kiapo akawa wada, cheo cha chini kabisa. Juu yake wako koplo, sajenti na wenzao wa ngazi hiyo, kisha maofisa kuanzia mkaguzi msaidizi, kupitia warakibu hadi makamishna. Kupanda kunataka kozi, na maofisa husomea Ukonga, Dar es Salaam. Kituo cha kwanza hakichaguliwi. Kinaweza kuwa Butimba jijini Mwanza, Lilungu mjini Mtwara, Maweni Tanga, au gereza la kilimo ambako duka la karibu hufikiwa kwa bodaboda.

Wada mpya akipangwa mapokezi hujifunza haraka kuliko mahali pengine popote. Mtu analetwa na hati ya mahakama. Kabla ya kumtazama mtu, askari hutazama hati: jina, kosa, adhabu, tarehe, sahihi, muhuri. Gereza halina mamlaka yake lenyewe ya kumfunga mtu, na karatasi ile ya hakimu ndiyo inayoyaleta, kwa hiyo yenye kasoro huulizwa kabla lango halijafungwa. Kisha mali za mgeni zinaandikwa moja moja mbele yake: mkanda, saa, simu, shilingi ngapi, pete ya rangi gani. Hapa neno moja lina thamani. Karani mwangalifu huandika “pete ya rangi ya dhahabu”, haandiki “pete ya dhahabu”, asije akadaiwa dhahabu miaka 10 baadaye. Halafu huja maswali ya afya, hasa kikohozi cha muda mrefu, maana kifua kikuu kikiingia katika bweni lililojaa hakibagui mfungwa na askari.

Kisha inapigwa hesabu ya siku. Kwa sheria ya Tanzania, mfungwa wa kifungo cha muda maalumu mwenye nidhamu kwa kawaida husamehewa theluthi moja ya adhabu. Aliyehukumiwa miaka 6 huandikiwa mapema tarehe ya kutoka inayoangukia mwaka wa 4. Tarehe hiyo ndiyo nguvu kubwa aliyonayo askari, kubwa kuliko kirungu. Mfungwa akipatikana na kosa la nidhamu anaweza kupunguziwa msamaha huo, na shauri lake huanza na taarifa iliyoandikwa na wada wa miaka 22 ambaye pengine asubuhi ile aliamka vibaya. Wiki mbili za uhai wa mtu mzima zinaweza kupotea kwa sentensi tatu. Sioni somo la depo lenye uzito kuliko hili la kuandika taarifa kwa ukweli, na si rahisi kulifundisha kwa kupigiana kelele uwanjani.

Uani, wada yuko peke yake kuliko anavyoonekana. Ana kirungu na filimbi, na bunduki ziko kwa walinzi wa nje na wasindikizaji. Walio mbele yake wanaweza kuwa 100, na wakiamua kumkanyaga hawahitaji hata dakika moja. Hawaamui hivyo kwa sababu kuna mazoea yanayowashika wote: ugali umefika kwa wakati, barua imepokelewa, mgonjwa wa jana amepelekwa zahanati, na aliyeahidiwa kuonana na mkuu wa gereza ameonana naye. Askari anayetukana anaweza kutiiwa siku ile. Siku ya ghasia hataambiwa na mtu yeyote kwamba kuna kisu kimefichwa chini ya godoro. Askari anayesema na watu kwa adabu huambiwa. Hili wakongwe wanalijua vizuri, ndiyo maana wengi wao hupunguza sauti kadiri vyeo vinavyopanda.

Katikati ya askari na wafungwa husimama mnyapara, mfungwa anayeamsha wenzake, kupanga foleni ya chakula na kupeleka malalamiko ofisini. Bila yeye kazi isingekwenda, kwa sababu askari ni wachache. Lakini mnyapara akianza kuuza mahali pa kulala, au kuwachapa wageni usiku ili kuwatia adabu, Kanuni ya 40 imekwisha kuvunjwa na mwenye kosa ni askari aliyemwachia. Kujua nani anafaa unyapara, na lini ameshaota pembe, ni ujuzi ambao hakuna kwata inayoutoa.

Na mahali pa kulala pana thamani kweli. Magereza ya Bara yana uwezo wa kuhifadhi watu wanaokaribia 30,000, na kwa miaka mingi yamehifadhi zaidi ya hapo. Julai 2019 Rais John Magufuli aliingia Gereza la Butimba na kuwasikiliza wafungwa wenyewe. Tarehe 9 Desemba mwaka huohuo, katika sherehe za Uhuru zilizofanyika Mwanza, alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533 kwa mkupuo. Kwa askari wa zamu, msongamano ni zaidi ya joto na harufu. Upekuzi unaopaswa kuchukua saa moja huchukua tatu, bwenini hapapitiki bila kukanyaga miguu ya watu, na ugomvi huzuka kwa sababu ya goti lililomgusa jirani usingizini.

Sehemu kubwa ya waliomo, karibu nusu katika baadhi ya miaka, wamekuwa mahabusu. Hawa ndio wagumu zaidi kuwasimamia, ingawa raia hudhani wagumu ni wauaji. Mahabusu hajahukumiwa, hana kazi ya kumchosha mchana, hana theluthi ya kupoteza, na hajui atatoka lini. Anavaa nguo zake, anapanda karandinga asubuhi, anafika mahakamani, anaambiwa upelelezi haujakamilika. Askari siye aliyeahirisha kesi, lakini ndiye anayerudi nao jioni.

Waliohukumiwa kifo ni habari nyingine. Tanzania haijamnyonga mtu tangu 1994, ingawa mahakama zimeendelea kutoa adhabu hiyo. Katika magereza yanayowahifadhi, kama Isanga mjini Dodoma, askari anaweza kuanza kazi, kuoa, kusomesha watoto na kustaafu huku watu walewale wakiwa upande wa pili wa mlango.

Ukaribu wa namna hiyo humbadilisha askari pia. Christo Brand, kijana wa Kizungu kutoka mashambani Afrika Kusini, alipelekwa Robben Island mwaka 1978 akiwa hajafika miaka 20. Aliingia magereza ili akwepe kuandikishwa jeshini, jambo ambalo lilikuwa lazima kwa vijana wa Kizungu enzi zile. Alimkuta Nelson Mandela, mzee wa miaka 60, ambaye alimuulizia habari za wazazi wake na kumhimiza arudi kwenye masomo. Siku moja Winnie Mandela alikuja akiwa amebeba mjukuu mchanga, na kanuni hazikuruhusu watoto. Brand akamchukua mtoto, akampeleka kwa siri, babu akamshika kwa muda mfupi. Alikuja kuyasimulia hayo mwenyewe katika kitabu alichokitoa mwaka 2014, wakati kanuni alizozivunja zilikuwa zimeshazikwa pamoja na utawala ulioziandika.

Mkufunzi yeyote wa depo angemfungulia shauri, na angekuwa na hoja. Mlango unaoweza kupitisha mtoto kwa huruma unaweza kupitisha simu kwa malipo. Karibu kila simu inayokutwa bwenini iliingia kwa njia chache zinazojulikana: ilirushwa juu ya ukuta, ililetwa na mgeni au na mfungwa aliyetoka kazi za nje, au ilikuja na askari. Mshahara wa wada ukiwa mdogo na mfungwa akiwa na ndugu wenye pesa, kishawishi hakihitaji maelezo. Huanza na kitu kidogo, pakiti ya sigara au ujumbe wa salamu, na aliyekwisha kuupeleka mara moja ameshashikwa: sasa mfungwa ndiye mwenye siri ya afande.

Gharama ya uzembe ilionekana Kenya mwaka 2021. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Novemba, wafungwa watatu wa makosa ya ugaidi walitoroka Kamiti, gereza la ulinzi mkali kuliko yote nchini humo. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta alimwondoa Kamishna Jenerali wa Magereza, na askari kadhaa wakakamatwa. Watoro wenyewe walinaswa Kitui baada ya siku chache, wanakijiji walipowatilia shaka wageni waliochoka na wenye kiu. Sheria za nchi zetu zote zinamhesabu askari anayemwachia mfungwa atoroke kuwa amefanya kosa. Anaweza kuvuka ukuta uleule akiwa amevaa sare nyingine.

Je, basi, ujeshi wote huu unasaidia? Afrika Kusini iliuliza swali hilo ikalijibu kwa kishindo. Tarehe 1 Aprili 1996 vyeo vya kijeshi, saluti na magwaride vilifutwa magerezani. Matokeo yalikuwa machungu. Huko Grootvlei, Bloemfontein, mwaka 2002 wafungwa walitumia kamera ya siri kuwarekodi askari wakiwauzia pombe, dawa za kulevya na hata bastola, na tume ya Jaji Thabani Jali iliyokuwa ikichunguza magereza ya nchi hiyo ilikuta rushwa imeota mizizi. Wapenda gwaride huutaja mfano huu kwa furaha. Wanasahau kwamba tume haikusema turudi kwenye saluti. Ililaumu namna mageuzi yalivyofanywa ghafla, nidhamu ya zamani ikaondolewa bila nyingine kuandaliwa.

Wanorwei walianza kwa kuiandaa nidhamu hiyo nyingine. Askari wao husoma miaka 2 katika chuo kilichoko Lillestrøm, wakilipwa mshahara, na sehemu kubwa ya muda huo hufanya kazi gerezani chini ya uangalizi wa wakongwe. Wanasoma saikolojia, sheria na maadili. Tutasema wana pesa za mafuta, na magereza yao yote yana watu wapatao 3,000 tu, idadi ambayo kwetu hujazwa na magereza machache makubwa. Ni kweli. Lakini Uingereza nayo si maskini, na humwingiza kijana wa miaka 18 kazini baada ya wiki chache za mafunzo, kisha huhangaika kuwazuia askari wapya wasiache kazi kabla ya mwaka kuisha. Kinachotofautisha nchi hizi mbili ni kile ambacho kila moja inadhani askari anapaswa kukijua kabla ya kukabidhiwa funguo.

Hata bila mafuta, yapo yanayowezekana. Nchini Kenya na Uganda, shirika lililoanza kwa jina la African Prisons Project na sasa linaitwa Justice Defenders limewawezesha wafungwa na askari kusoma sheria kwa masafa katika Chuo Kikuu cha London. Wanasoma pamoja. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Susan Kigula, aliyekuwa amehukumiwa kifo nchini Uganda na ambaye jina lake ndilo lililobeba kesi ya mwaka 2009 iliyofuta ulazima wa adhabu hiyo. Alisomea sheria akiwa katika gereza la Luzira na aliachiwa mwaka 2016. Wafungwa ndio walioandikwa sana magazetini, lakini askari waliokaa madawati yale nao ni habari. Afande anayeweza kusoma hukumu na kuandika rufaa anapata njia ya kumtuliza mtu ambayo kirungu hakina: anamwonyesha ukurasa.

Baada ya zamu askari harudi mbali. Wengi hukaa kota ndani ya eneo la gereza, ambako king’ora kikilia usiku familia nzima huamka. Watoto hukulia hapo, wake na waume hufanya biashara ndogondogo hapo, na harusi hufanyika kwenye bwalo. Makazi haya yakiwa mabaya, kazi nzima huyumba. Aprili 2008 askari magereza wa Kenya waligoma, jambo ambalo halikuwa limezoeleka kwa watu wa sare, wakidai posho na nyumba. Wakati huo wananchi walisoma kwa mshangao kwamba kulikuwa na familia mbili za askari zilizogawana chumba kimoja kwa pazia. Serikali ikaunda kamati chini ya Marsden Madoka kuchunguza. Anayelinda bweni lililojaa akarudi kulala kwenye chumba kilichojaa hawezi kuambiwa habari za heshima ya binadamu bila kucheka kidogo.

Kuna pia walioingia kwa miguu, kwa maana ya miguu hasa. Catherine Ndereba, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2003 na 2007, alikuwa askari wa magereza ya Kenya, na timu ya voliboli ya wanawake ya jeshi hilo imetamba Afrika kwa miaka mingi. Mbeya wana Tanzania Prisons, Wajelajela, ambao mashabiki wa Simba na Yanga huwataja kwa heshima kila wanapopanda nyanda za juu. Kwa kijana mwenye kipaji uwanjani, michezo ni lango la haki kabisa la kuingilia kazi hii.

Sehemu ya kazi ambayo raia wa kawaida huiona bila kujua ni uzalishaji. Kila Julai kwenye maonyesho ya Sabasaba watu hupanga foleni kuangalia vitanda na makabati ya magereza, mbao ngumu, kazi safi. Moshi, Gereza la Karanga lina kiwanda cha viatu ambacho jeshi linakimiliki kwa ubia na mfuko wa hifadhi ya jamii wa PSSSF, na Idete huko Kilombero kunalimwa mpunga. Nyuma ya kila kabati kuna wada au sajenti fundi, aliyeajiriwa kwa cheti cha useremala, ambaye humkabidhi mfungwa patasi asubuhi na kuihesabu jioni pamoja na misumeno. Patasi ikipungua, napo hakuna anayeondoka.

Ni katika karakana hizo ambapo neno urekebu, yaani kumrekebisha mfungwa, lina mikono. Tatizo ni kwamba askari fundi haoni mwisho wa kazi yake. Aliyejifunza useremala katika Gereza la Ukonga, akatoka, akafungua karakana Tandika, hana sababu ya kurudi kusema asante. Wengine hawataki hata kuipita barabara ile. Bodi za parole, zilizoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hugusa wachache, na uangalizi wa waliopewa adhabu za nje uko kwenye idara nyingine. Wanaorudi ndio anaowaona: sura aliyoizoea inashuka tena kwenye karandinga, naye anatafuta namba yake ya zamani kitabuni. Baada ya miaka 15 ya kuona wanaorudi peke yao, askari mwema kabisa huanza kumwambia wada mpya kwamba watu hawa hawabadiliki, na kwa anachokiona yeye, hana uongo. Kama kila mwaka mkufunzi wa karakana angepewa orodha ya waliopita mikononi mwake ambao bado wako uraiani, hata kwa idadi tu, bila majina, angekuwa na kitu kingine cha kumwonyesha kijana huyo siku anaporipoti kazini na begi lake la Kiwira.